Acheni Mmea Useme kwa Rangi Yake

Hotuba kwa mkutano wa walimu na wanafunzi wa sayansi ya mimea. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu nyote mliofika: hamjambo? Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na swali ambalo limewanyima watu wengi usingizi. Umechukua jeni kutoka kiumbe kimoja, ukaiingiza kwenye mmea. Umejuaje kwamba imeingia? Na kama imeingia, umejuaje kwamba inafanya kazi? Na kama inafanya kazi, inafanyia wapi: kwenye jani, kwenye mzizi, au kwenye ua? Jeni haina sauti, haina harufu. Weka mche uliopokea jeni karibu na mche ambao haukuipokea: yote miwili ni ya kijani, yote miwili imesimama wima, wala hakuna anayeweza kukuambia upi ni upi.

Tena wale waliopokea huwa wachache mno. Chukueni Arabidopsis, ule mmea mdogo unaopendwa sana maabara. Tangu mwaka 1998 tumekuwa na njia nyepesi ya kuubadili: unachovya maua yake kwenye maji yenye bakteria wa Agrobacterium, ambaye kwa asili yake anajua kupenyeza kipande cha DNA ndani ya seli za mimea. Unasubiri mbegu. Lakini mbegu zilizobeba jeni mpya mara nyingi ni kama moja katika mia, na pengine hata hiyo haifiki. Mbegu mia zimelala kwenye kiganja chako. Ni ipi?

Jibu la miaka mingi limekuwa kuua. Pamoja na jeni unayoitaka, unaingiza jeni ya ukinzani dhidi ya antibaiotiki kama kanamaisini. Unaotesha mbegu kwenye chakula chenye dawa hiyo. Isiyo na jeni inapauka na kufa, yenye jeni inaendelea kuwa ya kijani. Njia hii imetulea wengi na siibezi. Lakini sikilizeni inakwambia nini: inakwambia kwamba mmea haukufa. Basi. Haikwambii jeni yako inaamka saa ngapi, wala katika kiungo gani.

Ndipo wataalamu wakatafuta jeni za kiashiria, yaani jeni ambazo kazi yake ni kutoa habari tu. Mwaka 1986 jeni ya kimulimuli iitwayo lusiferasi ilitiwa kwenye tumbaku, na mmea ukatoa mwanga. Ila ulihitaji kunyweshwa kemikali ya lusiferini, na kamera nyepesi ya kuhisi ndani ya giza. Mwaka 1987 Richard Jefferson na wenzake wakaleta GUS, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kutoka kwa bakteria E. coli. Hiki ndicho kilichotawala maabara za mimea kwa muda mrefu. Unakata jani, unalizamisha kwenye kemikali iitwayo X-Gluc, unaliweka kwenye joto, kisha unalisafisha kwa alkoholi mpaka klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, yote itoke. Jani linabaki jeupe linaloangaza, na pale jeni ilipokuwa kazini panaonekana buluu safi, mshipa kwa mshipa. Inapendeza, kweli inapendeza. Lakini jani limekufa. Umepata habari ya saa moja ya maisha ya mmea ule, na kesho yake huwezi kurudi kumwuliza tena.

Halafu ikaja GFP, protini ya kijani inayong'aa kutoka kwa konyeza wa baharini. Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962, Martin Chalfie akaifanya ing'ae ndani ya viumbe vingine mwaka 1994, Roger Tsien akaielewa kwa undani na kuipa rangi nyingine, na watatu hao wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. GFP haiui, na hilo ni jambo kubwa. Lakini inataka taa maalumu, vichujio, na hadubini ya gharama. Zaidi ya hapo, mmea una tatizo ambalo panya hana: ukimulika jani kwa mwanga wa buluu, klorofili yenyewe inang'aa nyekundu na kuvuruga unachotafuta.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Tumekwenda kwa kimulimuli. Tumekwenda kwa bakteria wa utumbo. Tumekwenda mpaka baharini kwa konyeza. Je, mimea yenyewe haina rangi?

Ina rangi. Tena mimea ndiyo mabingwa wa rangi duniani. Na ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba rangi hizo ni chombo cha kupimia, chombo ambacho macho matupu yanatosha kukisoma, na chombo ambacho hakimuui anayepimwa. Lakini ni chombo kinachodai nidhamu, kwa sababu rangi inapoonekana, kila mtu anadhani ameelewa. Rangi inasema. Swali ni: inasema nini hasa?

Jambo la kwanza ni kwamba kusoma jeni kwa rangi ni sayansi kongwe kuliko uhandisi jeni wenyewe. Mendel, katika andiko lake la mwaka 1866, alihesabu njegere zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe. Leo tunajua kwamba jeni aliyokuwa akiifuatilia, bila kuiona, ni ile inayoamuru utengenezaji wa anthosianini, rangi inayoleta zambarau, nyekundu na samawati katika maua na matunda mengi. Hakuwa na hadubini ya kuonyesha jeni. Alikuwa na ua.

Lakini aliyelifikisha jambo hili mahali ambapo hata leo linanishangaza ni Barbara McClintock. Naomba nikae kwake kidogo.

Katika miaka ya 1940, kwenye maabara ya Cold Spring Harbor huko New York, mama huyu alikuwa akilima mahindi na kukagua punje zake moja baada ya nyingine. Si punje za rangi moja. Zilikuwa punje za rangi hafifu zenye madoa ya zambarau: nyingine doa moja kubwa linalofunika robo ya punje, nyingine vidoa vingi vidogo kama vumbi. Wengi wangesema ni hitilafu. Yeye akauliza: kwa nini doa hili ni kubwa na lile ni dogo?

Fuateni hoja yake, maana ni nzuri mno. Ngozi ya ndani ya punje hukua kwa seli kugawanyika. Jeni ya rangi imeharibika, kwa sababu kipande cha DNA kimejipachika juu yake. Kwa hiyo seli haina rangi. Sasa ikitokea kipande kile kikaruka na kuondoka, jeni inapona. Seli hiyo inapata rangi, na watoto wake wote wanapata rangi, na wajukuu wake. Doa moja ni ukoo mmoja. Kama kipande kiliruka mapema, ukoo umepata muda wa kuzaana na doa ni kubwa. Kama kiliruka punje ikikaribia kukomaa, doa ni dogo. Kama kinaruka mara kwa mara, madoa ni mengi. Na akagundua kwamba kipande hicho, alichokiita Ds, hakiruki mpaka kuwe na kingine, Ac, mahali fulani ndani ya seli.

Mnaona alichokifanya? Kwa macho, kwa punje ya mahindi, alisoma jeni gani imezimwa, imewashwa lini, na mara ngapi. Hiyo ndiyo kazi yote ya jeni ya kiashiria! Alifanya hivyo kabla muundo wa DNA haujatangazwa mwaka 1953. Alipowaeleza wenzake mwaka 1951, wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, peke yake, akiwa na miaka 81.

Kila ninapofundisha huanza na punje hiyo. Wanafunzi wetu wanaamini kwamba sayansi ya jeni imo ndani ya mashine. Mashine zinasaidia, nani atakataa? Lakini yule aliyegundua jeni zinazohama alikuwa na punje, alikuwa na jicho, na alikuwa na subira ya kuuliza kwa nini.

Jambo la pili: rangi hukwambia ukweli hata pale usipoutaka. Hapa nitawasimulia habari ya petunia.

Mwaka 1987 watafiti wa Ujerumani walichukua jeni moja ya mahindi, iitwayo A1, wakaitia kwenye petunia. Petunia ile haikuwa na uwezo wa kutengeneza aina fulani ya anthosianini yenye wekundu wa matofali. Jeni ya mahindi ikaziba pengo hilo, na maua yakatoka na rangi ambayo petunia hazikuwa nayo. Hongera zilikuwa nyingi, na zilistahili.

Miaka mitatu baadaye, 1990, kundi jingine huko Marekani, la Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen, likajaribu jambo lililoonekana jepesi zaidi. Petunia ya zambarau ina jeni ya kimeng'enya kiitwacho chalkoni sinthesi, kinachoanzisha safari ya kutengeneza anthosianini. Wakafikiri: tukiongeza nakala nyingine ya jeni hiyohiyo, zambarau itazidi kukolea. Si ndivyo akili inavyosema? Ongeza jeni, ongeza rangi.

Maua yakafunguka meupe.

Si yote. Asilimia 42 ya mimea iliyopokea jeni ilitoa maua meupe kabisa au yenye mabaka: miale ya zambarau ikikimbia kutoka katikati, nyeupe ukingoni, kila ua na mchoro wake. Jeni iliyoongezwa ilikuwa imezimika, na ikaizima pia ile ya asili. Fikirini kama jaribio lile lingefanywa kwa jeni isiyo na rangi. Wangepata vipimo vya ajabu, wangedhani wamekosea kupima, na daftari lingefungwa. Lakini ua jeupe limesimama mbele yako. Utalikanaje? Kisa kile kilikuwa mojawapo ya dalili za mwanzo za mfumo wa seli kunyamazisha jeni kwa kutumia RNA, molekuli jamaa ya DNA, mfumo ambao Andrew Fire na Craig Mello waliufafanua kwa minyoo mwaka 1998, wakatunukiwa Nobel mwaka 2006.

Mwanafunzi wangu, ukiona rangi imekwenda kinyume na ulivyotarajia, usiutupe mmea. Uweke kando, uupige picha, uulize.

Basi, kama anthosianini ni nzuri hivyo, kwa nini tusiitumie kila mahali? Imejaribiwa. Mwaka huohuo wa 1990 ilitangazwa jeni ya mahindi iitwayo Lc, ambayo huamuru seli kutengeneza anthosianini, kuwa kiashiria cha kuonekana kwa macho. Jeni Rosea1 kutoka ua la Antirrhinum imewekwa ndani ya virusi vya mimea, na watafiti wakafuatilia virusi vikisambaa jani kwa jani kwa kuangalia mahali panapogeuka zambarau. Kazi nzuri.

Lakini anthosianini ina kasoro kubwa kwa kazi hii: mimea karibu yote inaitengeneza yenyewe. Baridi ikizidi, mmea unatia zambarau. Jua likiwa kali, zambarau. Fosforasi ikipungua, zambarau. Sasa jani lako limegeuka rangi: ni jeni uliyoingiza, au mmea una shida zake? Shahidi anayesema neno lilelile kwa kila swali hafai mahakamani. Na tatizo la pili ni kwamba jeni kama Lc na Rosea1 hazitengenezi rangi zenyewe, zinaamuru jeni nyingine za mmea ziitengeneze. Mmea ukikosa mojawapo ya jeni hizo, amri inatolewa na hakuna anayetii.

Kwa hiyo tulihitaji rangi ambayo mmea hauna kabisa. Rangi ya mimea, lakini si ya mmea huu. Na hapa, ndugu zangu, asili ilikuwa imeshatuandalia zawadi.

Kuna kundi la mimea, wataalamu huliita Caryophyllales, ambalo ndani yake familia nyingi ziliiacha anthosianini zikachukua rangi za aina nyingine kabisa, betalaini. Ndizo zinazoipa bitiruti wekundu wake, mchicha mwekundu, dungusi kakati, na yale majani ya bogenvila yanayozunguka ua. Jambo la ajabu ni hili: haujapatikana mmea hata mmoja ambao kwa asili unatengeneza anthosianini na betalaini pamoja. Ni ama hii ama ile. Maana yake nini kwetu? Maana yake ukiona betalaini kwenye mpunga, kwenye tumbaku au kwenye nyanya, haikuletwa na baridi wala jua kali. Imeletwa na jeni uliyoiingiza.

Na utengenezaji wake ni mfupi kiasi cha kushangaza. Malighafi ni tairosini, asidi amino iliyomo ndani ya kila seli hai, maana protini hujengwa nayo. Kimeng'enya cha kwanza kinaigeuza kuwa L-DOPA, ileile inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson na ambayo kwa asili imejaa kwenye mbegu za upupu. Kimeng'enya hichohicho kinaipeleka sehemu ya L-DOPA hatua moja mbele. Kimeng'enya cha pili kinaichukua sehemu iliyobaki, kinaifungua pete yake na kuigeuza kuwa asidi ya betalamiki. Pande hizi mbili zikikutana zinaungana zenyewe, hazihitaji msaada wa kimeng'enya chochote. Cha tatu kinabandika glukosi, na rangi inahifadhiwa ndani ya vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Hatua chache, vimeng'enya vitatu, malighafi iliyopo kila mahali. Hakuna kemikali ya kununua wala ya kunyweshea mmea.

Kikundi cha Asaph Aharoni huko Israeli kilionyesha mapema kwamba jeni hizi tatu zikitiwa pamoja zinaweza kuleta betalaini kwenye tumbaku, nyanya, viazi na biringani. Kisha mwaka 2020 Yubing He, Yunde Zhao na wenzao wakazigeuza kuwa chombo chepesi cha kazi, wakakiita RUBY. Walichofanya ni kuziunganisha jeni tatu kuwa moja ndefu, chini ya promota moja. Promota, kwa wasiolizoea neno hili, ni ile sehemu ya DNA inayoamua jeni iwashwe wapi na lini. Katikati ya jeni na jeni wakaweka vipande vifupi viitwavyo 2A, vilivyojulikana kwanza kutoka kwa virusi. Ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, inaposoma na kufika kwenye kipande hicho, inashindwa kufunga kifungo kimoja. Protini ya kwanza inaachiliwa, nayo ribosomu inaendelea na ya pili, halafu ya tatu. Promota moja, vimeng'enya vitatu, rangi moja.

Sasa angalieni inavyokuwa kwenye sahani ya maabara. Mmetia RUBY kwenye kalasi za mpunga, yale madonge ya seli ambazo bado hazijaamua kuwa jani au mzizi. Madonge ni ya rangi ya maziwa yaliyopauka, yamelowa, hayana sura. Kisha kwenye ubavu wa donge moja kinatokea kidoa chekundu. Kinakua. Donge la jirani halina kitu. Hukukata, hukuchovya, hukumulika. Unachukua koleo ndogo, unalihamisha lile jekundu, na yanayobaki unajua ni ya kutupa. Baadaye chipukizi likitoka jekundu nusu na kijani nusu, nalo limekupa habari muhimu: jeni imeingia kwenye seli chache tu za mmea huu, na usitegemee mbegu zake zote ziibebe.

Hapo rangi inajibu swali la nani amepokea. Lakini badilisha promota, utaona inajibu swali jingine. Waliotengeneza RUBY wakaiweka chini ya promota inayoitikia auksini, homoni ya ukuaji wa mimea, na wekundu ukajitokeza pale auksini inapofanya kazi. Hapo huoni tena kama jeni imeingia. Unaona homoni, kwa macho yako, ndani ya mmea unaoendelea kukua.

Na hiki ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu ya mambo yanayofanyika udongoni. Mimea mingi ya nchi kavu huishi kwa ushirika na kuvu za maikoriza, ambazo huingia ndani ya mizizi na kuiletea fosforasi kwa kubadilishana na sukari na mafuta. Kwa miaka yote ukitaka kujua kuvu imefika wapi, unang'oa mmea, unachemsha mzizi kwenye kemikali kali, unaupaka rangi, unautazama kwa hadubini. Mmea umekwisha. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walichapisha mbinu waliyoiita MycoRed. Waliziweka jeni za betalaini chini ya promota za jeni ambazo mmea huziwasha kuvu inapojenga makao ndani ya mzizi. Kuvu ikifika, mzizi unageuka mwekundu, pale tu ilipofika. Wakaotesha mimea yao mahali ambapo mizizi inaonekana, wakawa wanatazama wekundu ukisonga kadiri kuvu inavyosonga. Mzizi uleule, leo na kesho. Hadithi ambayo zamani tulikuwa tunaikisia kutoka kwa maiti, leo tunaisoma kwa aliye hai.

Nisonge kwenye jambo la tatu, nalo watu hulisahau: kukosekana kwa rangi nako ni habari.

Wazalishaji wa mbegu za mahindi wamelijua hili tangu miaka ya 1960. Ili kupata mbegu safi isiyobadilika kizazi hadi kizazi, mzalishaji wa kawaida hulazimika kuchavusha mmea kwa chavua yake mwenyewe kwa vizazi sita au zaidi. Lakini ukipata mmea wa haploidi, wenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 10 za mama pekee badala ya 20 za kawaida, kisha ukazirudufu kwa kemikali ya kolkisini, mbegu safi unaipata kwa vizazi viwili tu. Tatizo ni lilelile la mwanzo: haploidi ni wachache, na punje zote zinafanana. Ni ipi?

Basi chavua ya baba anayesababisha haploidi huwekewa jeni ya rangi iitwayo R1-nj. Punje ya kawaida iliyochavushwa naye inakuwa na taji la zambarau kichwani, na kiinitete chake nacho ni cha zambarau. Punje ya haploidi ina taji, kwa sababu endospemu, ile akiba ya chakula ya punje, imepokea jeni ya baba. Lakini igeuze uone upande wa kiinitete: ni cheupe. Kiinitete hakina kitu cha baba. Mtu mmoja, meza moja, mwanga wa dirisha, na anachambua mahindi kwa kidole. Lakini si kila ukoo wa mahindi unakubali: mingine ina jeni inayozuia anthosianini, na taji halitokei kabisa. Hapo betalaini inakuja kusaidia, kwa kuwa haisikii amri za anthosianini.

Ni hivyohivyo kwa wanaohariri jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa. Mkasi wa Cas9 ukishakata, hatuutaki tena ndani ya mmea. Ukiufunganisha na jeni za rangi, na vyote vikaketi mahali pamoja kwenye kromosomu moja, katika kizazi kinachofuata takriban robo ya watoto hawatakuwa navyo. Hao ndio unaowataka. Wekundu wote weka kando, chukua wa kijani, kisha kapime kwenye hao kama uhariri umebaki.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana nimeisifia rangi na sitaki mtoke hapa mkiiamini kupita kiasi.

Betalaini haiondoki haraka. Jeni inaweza kuzimika leo, na jani likaendelea kuwa jekundu. Kwa hiyo rangi inakwambia jeni iliwahi kuwaka. Haikwambii kwamba inawaka sasa hivi. Mwenye swali la kuzimika abaki na lusiferasi. Pili, rangi huhifadhiwa kwenye vakuoli, hivyo haiwezi kukuonyesha protini yako imeketi wapi ndani ya seli. Kwa swali hilo GFP haijapata mpinzani. Tatu, kuitengeneza kuna gharama. Tairosini inayogeuzwa rangi ni tairosini ambayo mmea ungeitumia kwa mengine, na pale RUBY inapoendeshwa kwa nguvu sana, mimea mingine hudumaa. Mtu anayepima ukuaji wa mmea kwa kutumia kiashiria kinachopunguza ukuaji anapima nini?

Na kubwa zaidi: wekundu unakwambia kwamba jeni za wekundu zimefanya kazi. Hauthibitishi kwamba jeni yako nyingine, ile ya kustahimili ukame au ya kuzuia ugonjwa, nayo imefanya kazi, hata kama uliziingiza pamoja. Rangi ni ya kuchagulia. Uthibitisho ni wa PCR, mbinu ya kunakili DNA ili ionekane, wa kupima RNA, wa kupima protini, wa kuuweka mmea kwenye ukame wenyewe uone.

Liko na la usalama. Nimesikia watu wakisema, rangi hii ni ya bitiruti, inaliwa, na hata viwandani hutiwa kwenye chakula kwa namba E162, basi mmea huu hauna neno. Hapana. Rangi kuwa salama hakufanyi mmea wa utafiti kuwa chakula. Ni mmea uliobadilishwa jeni, na unafuata sheria zote za kuufungia, kuusajili na kuuteketeza. Kuonekana kwake kunasaidia hapo pia: mche mwekundu ukichipua nje ya nyumba ya kuoteshea, hata mlinzi wa lango atauona.

Kwa mlio na maabara, msianze na jeni yenu ya thamani. Anzeni na RUBY peke yake kwenye mmea mnaotaka kuubadili, ili mjue mbinu yenu ya kuingiza jeni inafanya kazi kabla hamjapoteza msimu. Daima otesheni mimea ya aina tatu pamoja, chini ya mwanga uleule: usiobadilishwa, uliopokea RUBY tupu, na uliopokea RUBY pamoja na jeni yenu. Pigeni picha kwa mwanga usiobadilika, na wekeni kipimo cha rangi kando ya mmea, la sivyo mtabishana kuhusu wekundu ambao umeletwa na kamera. Mkitaka namba, kamueni rangi na mpime ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 538, ambapo betanini hufyonza zaidi. Na kwa walimu wa shule ambao hawana kibali wala vifaa vya kubadili jeni, punje za mahindi yenye madoa zinatosha kabisa. Mpe mwanafunzi punje, mwambie ahesabu madoa makubwa na madogo, mwulize kwa nini yanatofautiana, na mwache afikiri muda mrefu kabla hujamjibu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Tuanze na dada yule.